UCHANGANUZI: Biashara zilifungwa, bili hazikusubiri

SAA moja jioni ya Ijumaa, Machi 27, 2020, milango ya maduka, mikahawa na vibanda vya mboga kote nchini ilifungwa kwa pamoja. Kafyu ya kwanza ya kupambana na virusi vya corona ilikuwa imeanza.

Siku nne baadaye mwezi uliisha. Tarehe tano ya Aprili, ambayo wapangaji wengi mijini huihesabu kuwa siku ya mwisho ya kulipa kodi ya nyumba, ikawadia kama ilivyo ada yake.

Serikali ilikuwa imeweza kusimamisha masomo, ibada, safari za ndege na biashara za usiku kwa matangazo machache yaliyosomwa kwenye televisheni. Bili, hata hivyo, hazikusimamishwa na tangazo lolote.

Kafyu hiyo iliondolewa Oktoba 20, 2021, na wengi wangependa kuisahau. Lakini kuna swali ambalo iliacha bila jibu: biashara zinapofungwa kote, iwe kwa amri ya serikali au kwa hofu ya vurugu, ni nani anayefaa kubeba mzigo wa kodi, stima, maji, karo na mikopo ambayo haifungwi?

Hili si swali la historia pekee. Mnamo Machi 2023, wenye maduka wengi katikati ya jiji la Nairobi walifunga milango siku za maandamano ya upinzani dhidi ya gharama ya maisha. Walifunga tena Juni 25, 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, na pia mwaka mmoja baadaye, Juni 25, 2025. Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia jijini na biashara nyingi hazikufunguliwa kabisa.

Bila shaka, siku moja ya kufunga duka si sawa na miezi mitatu. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara anayetegemea mauzo ya kila siku, kanuni ni ile ile: mapato hukatika mara moja ilhali gharama zinaendelea. Ndiyo maana yaliyotendeka mwaka wa 2020 yanafaa kuchunguzwa upya, hasa jinsi nafuu ilivyotolewa, ilikofika na ilikokwama.

Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe. Siku mbili baadaye, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza shule zifungwe. Safari za ndege za kimataifa zilisitishwa kuanzia Machi 25.

Mnamo Aprili 6, watu walizuiwa kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Kwa Nairobi na Mombasa, vizuizi hivyo vilidumu hadi Julai 7.

Hoteli za Pwani zinazotegemea watalii zilibaki tupu. Mabaa yalisubiri hadi Septemba 28 ndipo yaruhusiwe kufunguliwa. Wanafunzi wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021, na walimu wa shule nyingi za kibinafsi wakakaa nyumbani bila mshahara.

Takwimu rasmi za serikali zilionyesha ukubwa wa pigo hilo. Ajira nje ya kilimo cha kiwango kidogo zilipungua kutoka milioni 18.1 mwaka wa 2019 hadi milioni 17.4 mwaka wa 2020. Hao ni zaidi ya watu 700,000, kila mmoja akiwa na nyumba ya kulipia na midomo ya kulisha.

Ni haki kusema kwamba serikali haikuketi kitako. Machi 25, 2020, Rais Kenyatta alitangaza kuwa wanaolipwa mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi hawatakatwa ushuru wa mapato. Kiwango cha juu cha ushuru huo kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi asilimia 25, sawa na ushuru wa faida za kampuni.

Ushuru wa ziada ya thamani ulipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14. Ule unaotozwa mauzo ya biashara ndogo ulishuka kutoka asilimia tatu hadi asilimia moja.

Benki Kuu ya Kenya nayo ilishusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 8.25 hadi asilimia 7.25. Ilipunguza pia kiasi cha pesa ambacho benki hutakiwa kuweka kwake kama akiba, hatua iliyoachilia takriban Sh35 bilioni ili zikopeshwe na kusaidia walioshindwa kulipa.

Tayari mnamo Machi 18, benki zilikuwa zimekubali kuwaongezea wakopaji muda wa kulipa, kwa sharti kwamba mkopaji athibitishe ameathiriwa na janga hilo. Aidha, kuanzia Aprili, ilisitishwa kwa miezi sita desturi ya kuwasilisha majina ya walioshindwa kulipa kwa mashirika yanayohifadhi rekodi za wakopaji.

Kwa upande wa njia za kulipia, kuanzia Machi 17 Safaricom iliondoa ada ya kutuma pesa zisizozidi Sh1,000 kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kwa M-Pesa. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya noti na sarafu zilizohofiwa kusambaza virusi. Kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kilipandishwa kutoka Sh70,000 hadi Sh150,000. Nafuu hiyo iliongezwa muda hadi mwisho wa mwaka wa 2020.

Hizi zilikuwa hatua za maana. Lakini mtu akizipanga mezani na kuzitazama kwa pamoja, ataona kwamba karibu zote zilimfikia Mkenya kupitia karatasi. Mwenye hati ya mshahara alipunguziwa ushuru. Mwenye mkopo wa benki aliongezewa muda. Mwenye kampuni iliyosajiliwa na inayopata faida alilegezewa kamba.

Asiye na karatasi yoyote kati ya hizo alibaki na nafuu ya kutuma pesa bila ada, kama alikuwa na pesa za kutuma.

Wasio na karatasi ndio wengi. Kabla ya janga hilo, zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi walioajiriwa nje ya kilimo cha kiwango kidogo walikuwa katika sekta isiyo rasmi. Hao ni mama mboga, fundi wa jua kali, mwendeshaji bodaboda, kinyozi, mfua nguo wa mitaani na utingo wa matatu. Kumpunguzia ushuru wa mshahara mtu asiyepokea mshahara ni sawa na kumpa kiatu asiye na mguu.

Kwa kundi hili, serikali ilitenga Sh10 bilioni za kuwasaidia wazee, mayatima na wasiojiweza, na baadaye ikaanzisha mpango wa Kazi Mtaani ambapo vijana wa mitaa ya mabanda walilipwa ujira wa siku kwa kusafisha mitaro na barabara. Hata hivyo, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2021, lilisema ni sehemu ndogo tu ya familia zenye mahitaji katika mitaa ya mabanda ya Nairobi iliyopokea fedha za msaada, na kwamba upendeleo ulitumika katika kuchagua walionufaika.

Ili kuelewa kwa nini nafuu hiyo haikutosha, ni vyema kutambua kwamba bili si za aina moja. Kila moja ina namna yake ya kumwandama mdaiwa.

Aina ya kwanza ni bili inayojikata yenyewe. Mfano ni stima ya kulipia kabla ya kutumia, ambayo sasa imeenea katika nyumba nyingi za kukodisha. Tokeni zikiisha, taa zinazima. Hakuna ilani, hakuna mazungumzo wala deni. Kwa kinyozi au mwenye mashine ya kusaga nafaka, giza hilo ni kufungwa kwa biashara mara ya pili. Ni kwa ajili ya bili kama hizi ambapo wengi hukimbilia mikopo midogo ya simu, wakikopa leo ili kununua umeme wa leo.

Aina ya pili ni bili inayozaa. Hii ni mikopo. Benki ilipomwongezea mkopaji miezi sita, haikumsamehe miezi hiyo. Iliisogeza mbele, na mara nyingi riba ikaendelea kuhesabiwa. Kufikia mwisho wa Februari 2021, mikopo ya takriban Sh1.7 trilioni, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki nchini, ilikuwa imepangwa upya kwa njia hii. Mpango huo ulifikia kikomo Machi 2, 2021. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa wengi matanga hayo yaliahirishwa tu.

Aina ya tatu ni bili inayolimbikizana kimyakimya, nayo ni kodi ya nyumba na ya mahali pa biashara. Kwa familia nyingi za mijini, hii ndiyo bili kubwa kuliko zote. Ndiyo pia iliyoachwa kabisa nje ya matangazo ya serikali.

Uchunguzi uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka huo ulionyesha kuwa takriban familia tatu kati ya kila kumi zinazokodi nyumba hazikuweza kulipa kodi ya Aprili 2020 kwa tarehe iliyokubaliwa. Sababu kubwa ilikuwa kupungua kwa mapato.

Jibu la serikali kwa jambo hili lilikuwa ombi. Wenye nyumba waliombwa wawe na utu na waelewane na wapangaji wao. Wapo walioitikia wito huo kwa moyo mkunjufu, wakasamehe kodi ya mwezi mmoja au miwili, au wakaipunguza kwa nusu. Wapo pia, kama ilivyoripotiwa wakati huo, waliong'oa milango na mabati ya paa ili kuwalazimisha wapangaji kuhama huku kafyu ikiendelea.

Tofauti kati ya mpangaji wa aina ya kwanza na wa aina ya pili haikuwa sheria. Ilikuwa bahati.

Sheria zilikuwepo, lakini hazikuandikwa kwa kuzingatia dharura ya namna hii. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za makazi ililinda nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho katika mitaa mingi ya Nairobi na Mombasa hakitoshi kulipia hata chumba kimoja chenye maji na stima.

Kwa wenye maduka, sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa ilitoa ulinzi zaidi. Mwenye jengo hawezi kumfukuza mpangaji wa aina hii wala kumpandishia kodi bila kumpa notisi ya angalau miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya jopo la kutatua mizozo ya kodi za biashara. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenye jengo kutaka mpangaji aondoke iwapo kodi imechelewa kwa miezi miwili. Haiulizi kama duka lilifungwa na mpangaji mwenyewe au na serikali.

Zaidi ya hayo, sheria ya tangu enzi za ukoloni kuhusu kukamata mali kwa ajili ya kodi inampa mwenye jengo nafasi ya kumtuma dalali kuchukua bidhaa za mpangaji na kuzipiga mnada. Cherehani, friji na meza za mkahawa, yaani vifaa ambavyo mdaiwa angevitumia kutafuta pesa za kulipa deni, navyo huweza kuchukuliwa.

Hali ya Eastleigh, Nairobi, na Mji wa Kale, Mombasa, inadhihirisha ugumu huu. Kuanzia Mei 6, 2020, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika mitaa hiyo miwili kutokana na ongezeko la maambukizi. Maduka makubwa na mikahawa ilifungwa, na marufuku hiyo ikadumu hadi mapema mwezi wa Juni.

Eastleigh ni soko ambalo wafanyabiashara wa nguo na bidhaa nyingine hulitegemea kutoka pembe zote za nchi. Mji wa Kale una maduka madogo, wauzaji wa vyakula na mafundi ambao wateja wao wengi hutoka nje ya mtaa. Serikali ilipofunga njia za kuingia, iliwanyima watu hawa wateja kwa sababu ya usalama wa umma. Manufaa yalikuwa ya taifa zima, lakini gharama ililipwa na wenye maduka wa mitaa miwili.

Athari ya malimbikizo kama hayo inaonekana wazi kwa mfano mdogo wa hesabu. Chukulia mwenye mkahawa anayepata faida ya Sh30,000 kwa mwezi kabla ya kulipa kodi ya Sh12,000. Anabaki na Sh18,000 za kulisha jamaa yake. Mkahawa ukifungwa kwa miezi mitatu, anadaiwa kodi ya Sh36,000.

Anapofungua tena, wateja ni nusu ya wa awali, na faida yake ni Sh15,000. Akilipa kodi ya mwezi huo, anabaki na Sh3,000. Hata kama hatakula, hatavaa na hatapeleka mtoto shule, atahitaji mwaka mzima kumaliza deni la miezi mitatu. Hapo ndipo biashara iliyonusurika ugonjwa hufa kwa sababu ya deni, miezi mingi baada ya milango kufunguliwa.

Lakini mgala muue na haki umpe. Mwenye nyumba naye si lazima awe tajiri. Nyumba nyingi za kukodisha katika miji ya Kenya zimejengwa na walimu waliostaafu, wafanyabiashara wadogo na watu waliorejea kutoka ughaibuni, wengi wao kwa mikopo ya benki na vyama vya ushirika. Kodi ya mpangaji ndiyo hulipa mkopo huo, pamoja na mshahara wa bawabu na bili ya maji ya ploti nzima.

Serikali yenyewe ina mkono wake katika kodi hiyo. Wakati huo, wenye nyumba za makazi wa kiwango cha kati na cha chini walitakiwa kulipa asilimia 10 ya kodi waliyopokea kama ushuru. Kumwambia mtu kama huyu asamehe kodi bila kumpa chochote ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine.

Hapa ndipo palipo na kasoro kubwa zaidi ya mipango ya 2020. Bili hazisimami peke yake. Zimeunganishwa kama mnyororo. Mteja humlipa mwenye mkahawa, mwenye mkahawa humlipa mwenye jengo, mwenye jengo huilipa benki. Serikali na Benki Kuu zililegeza pingili ya mwisho ya mnyororo huo, ile ya benki, bila kuhakikisha kwamba nafuu inateremka hadi pingili za chini.

Mwenye jengo aliyeongezewa miezi sita ya kulipa mkopo hakulazimishwa na yeyote kumwongezea mpangaji wake hata wiki moja. Angeweza kupumzishwa na benki huku akiendelea kudai kodi yote. Hakuna anayeweza kusema ni wangapi walifanya hivyo, lakini mipango yenyewe haikuwazuia.

Kuna mdaiwa mwingine ambaye hutajwa kwa nadra katika mijadala hii, naye ni serikali. Mnamo Machi 2020, Rais Kenyatta aliagiza wizara na idara zilipe angalau Sh13 bilioni zilizokuwa zikidaiwa na wafanyabiashara, na Sh10 bilioni nyingine zirejeshwe kwa waliolipa ushuru wa ziada ya thamani kupita kiasi. Agizo hilo lilikuwa pia ungamo: katikati ya dharura, serikali ilikuwa imekalia pesa za watu waliokuwa wakitafuta namna ya kulipa wafanyakazi wao.

Tatizo hilo halikuisha. Madeni ya serikali kuu na ya kaunti kwa wanakandarasi na wauzaji bidhaa yamebaki kuwa mada ya kila bajeti, na mwaka wa 2023 kamati maalumu iliundwa kukagua madeni ya tangu 2005. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hii inafaa kuanzia kwa mdaiwa mkubwa.

Mataifa mengine yalikabiliana na swali hili kwa njia tofauti. Ghana ilichagua kulipa yenyewe. Mnamo Aprili 2020, Rais Nana Akufo-Addo alitangaza kwamba serikali ingelipa bili za maji za wananchi kwa miezi mitatu, kulipia stima yote ya wanaotumia kiasi kidogo zaidi, na nusu ya bili ya wateja wengine.

Ukarimu huo uliwafikia hata wasio na hati za mshahara, maadamu walikuwa na mita. Lakini una gharama. Ghana ilisitisha ulipaji wa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje Desemba 2022, na ingawa sababu zilikuwa nyingi, ni ukumbusho kwamba bili inayolipwa na serikali haipotei. Inahamia tu kwenye daftari jingine.

Ujerumani ilichagua kununua muda. Sheria iliyopitishwa Machi 2020 ilisema mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi ya Aprili, Mei na Juni kwa sababu ya corona hangeweza kufukuzwa kwa ajili ya deni hilo, na alipewa hadi mwisho wa Juni 2022 kulimaliza. Deni lenyewe halikufutwa. Familia na biashara ndogo kabisa zilipewa pia kinga ya muda dhidi ya kukatiwa stima, gesi na simu.

Uingereza iliwazuia wenye majengo kuwafukuza wapangaji wa biashara kwa sababu ya kodi hadi Machi 2022. Baadaye ilipitisha sheria iliyotenga kodi ya kipindi ambacho biashara zilifungwa kwa amri, na kuruhusu mzozo kuhusu deni hilo uamuliwe na msuluhishi anayeweza kupunguza deni au kuongeza muda wa kulipa.

Karibu na nyumbani, Rais Yoweri Museveni wa Uganda aliwaagiza wenye nyumba mwaka wa 2020 wasiwafukuze wapangaji wakati wa marufuku ya kutembea. Agizo hilo liliwapa watu pumzi, lakini nalo halikufuta deni.

Kenya ilikaribia kuchukua mkondo wa sheria. Mswada wa kukabiliana na majanga uliowasilishwa katika Seneti mwaka wa 2020 na Johnson Sakaja, aliyekuwa Seneta wa Nairobi, ulipendekeza utaratibu wa wapangaji na wakopaji walioathiriwa kuafikiana na wanaowadai. Mwaka uliofuata, Bunge lilipokea mswada mwingine wa kuunganisha sheria za wenye nyumba na wapangaji. Corona ilipopungua, ari ya kuupigia debe mswada wa majanga ilipungua pia.

Nafuu zenyewe ziliondolewa moja baada ya nyingine. Januari 1, 2021, ushuru wa ziada ya thamani ulirudi asilimia 16 na ushuru wa kampuni asilimia 30. Ada za kutuma pesa kwa simu zilirejea siku hiyo hiyo, isipokuwa kwa kiasi kisichozidi Sh100. Ada za kuhamisha pesa kati ya benki na simu zilirudi Januari 2023. Miongoni mwa zilizosalia ni msamaha wa ushuru kwa wanaolipwa hadi Sh24,000.

Yapo mambo manne ambayo yangeweza kuwekwa tayari kabla ya dharura nyingine kubisha hodi.

La kwanza ni kutenga deni la kipindi cha kufungwa. Serikali inapofunga eneo au aina fulani ya biashara, kodi ya kipindi hicho ihesabiwe kando, mpangaji asifukuzwe wala vifaa vyake vya kazi visinadiwe kwa ajili yake, na alipe kwa awamu katika muda uliowekwa na sheria. Mwenye nyumba hapotezi haki yake, na mpangaji hapotezi riziki yake.

La pili ni kuunganisha nafuu. Mwenye jengo anayeongezewa muda na benki kwa sababu wapangaji wake wameathirika atakiwe kuwapa nao muda kama huo. Sharti hili lingeweza kuandikwa katika mkataba mpya wa mkopo bila kuigharimu serikali hata shilingi.

La tatu ni kuweka kiwango kidogo cha maji na stima ambacho hakikatwi wakati wa dharura. Corona ilihitaji watu wanawe mikono. Kukata maji kwa sababu ya bili kulikuwa kukinzana na agizo la afya. Gharama ya hatua hii ijulikane mapema na iwekwe kwenye bajeti, ili isije ikawa ahadi tupu au mzigo wa ghafla kwa kampuni za maji.

La nne ni serikali kulipa madeni yake kwanza. Pesa anazolipwa mwanakandarasi huwafikia mafundi wake, wenye nyumba wao na maduka ya mtaani mwao kwa haraka kuliko mpango wowote wa msaada unaohitaji orodha mpya na machifu wa kuichuja.

Wapo watakaosema kwamba sheria za namna hii zitawatisha wanaojenga nyumba za kukodisha, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwenye nyumba aliyebaki na vyumba vitupu baada ya kuwafukuza wapangaji wake hakufaidika na chochote. Katika miezi ambayo hakukuwa na wa kuhamia, mpangaji anayelipa nusu alikuwa bora kuliko mlango uliofungwa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na inaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Haki hiyo ilijaribiwa mwaka wa 2020, na jibu lililotolewa kwa wapangaji lilikuwa kuwaombea huruma ya wenye nyumba.

Tangazo lijalo la kufunga biashara, liwe la ugonjwa, mafuriko au usalama, huenda litasomwa jioni moja kama lile la 2020, na tarehe tano ya mwezi unaofuata itafika vivyo hivyo. Tangazo hilo linafaa kuwa na aya moja zaidi, inayoeleza bili za kipindi hicho zitalipwa vipi, na nani, na kwa muda gani. Aya hiyo haiwezi kuandikwa usiku wa dharura. Inafaa kuandikwa sasa, wakati maduka yako wazi.